Duara Lililonona

Hii aibu nimejaribu kuificha, lakini hapa mtaani Huruma hakuna siri (kuta zetu ni za mabati, mtu akipiga chafya ploti ya pili anaombewa afya), kwa hivyo heri niseme na mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa jirani akiwa ameshaitia chumvi: mimi, mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, nilisimama mbele ya wageni ishirini na kitu waliokuja kumposa mdogo wangu, nikamwita bwana harusi mwizi, na ushahidi wangu ulikuwa duara. Si ng'ombe, si pesa, ni duara, jamani. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, karibu na pale wanapogonga masufuria na majiko. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kukodisha shamba, na ratiba za mazishi, na kompyuta yangu ni moja tu, ile ya skrini kando na sanduku lake kando, lile sanduku tunaloita CPU. Hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu, na hiyo ndiyo ilimsomesha Nyambura. Nyambura ni mdogo wangu lakini ukweli ni kwamba ni mtoto wangu wa kwanza, maana mama alituacha yeye akiwa darasa la tatu, baba alikuwa ameshatangulia, kwa hivyo sare nilinunua mimi, nywele nilimsuka mimi, na alipoenda kusoma chuo kikuu kule Kesses nilikuwa nampelekea unga na maharagwe na mikono yangu. Nawaambia haya mjue kwamba mambo ya Nyambura mimi sikuwa nayachukulia mchezo.

Sasa huko huko Kesses ndiko alikopatana na Wafula. Wafula ni fundi wa kompyuta, ana kibanda ambapo wanafunzi wanampelekea laptop zao wakizimwagia chai. Kijana mrefu, mpole, anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi, na huo upole ndio ulinitia wasiwasi tangu siku ya kwanza. Mtu akiwa mpole hivyo anaficha nini? Alikuja kunisalimia nikamwongeza chai akasema ametosheka, nikajiuliza, ana haraka ya kwenda wapi? Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikasema kimoyomoyo, huyu amefundishwa cha kufanya. Nyambura alinikodolea macho akaniambia, "Dada, angeingia na viatu ungesema hana adabu." Na ni kweli, ningesema.

Basi wiki tatu kabla ya watu wake kuja kuona nyumbani, kompyuta yangu ikaanza tabia ya kujizima. Unachapa, umefika ukurasa wa mwisho wa mkataba, mwenye shamba amesimama nyuma yako ananusa shingo yako, pap, giza. Nyambura akasema tumpe Wafula aiangalie, si ni mtu wa nyumbani. Nikamwambia hajawa wa nyumbani bado, na kikulacho ki nguoni mwako. Lakini wateja walikuwa wameanza kwenda kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara, nikakubali shingo upande.

Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Niliamua kuwa na ushahidi.

Mnajua vile husemwa kuhusu mafundi. Unapeleka redio, inarudi imevaa sura ile ile lakini matumbo ni ya redio nyingine. Mimi nikasema hapana, mimi si wa kuchezewa, na asubuhi ile aliyokuwa anakuja kuchukua mashine niliamka mapema nikajipanga kama polisi wa upelelezi. Kwanza nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, nikatia tone moja nyuma ya CPU, pahali ambapo mtu hawezi kuona asipotafuta. Pili, nikachukua bisibisi nikafungua ubavu wa sanduku nikapiga picha ya ndani kwa simu (nilichokuwa napiga sikijui, niliona nyaya na vumbi na buibui mmoja). Nikafunga, nikaiwasha, nikairekodi video ikiwaka, tangu ile nembo ya kwanza inayotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Nembo yenyewe ni duara lenye herufi za kampuni ndani, inakaa katikati ya skrini, na huku na huku kuna weusi. Mwishowe nikataka picha ya skrini ikiwa safi, isionekane kwamba nilimpa kitu kichafu, nikachukua kitambaa chenye maji nikapanguza kioo, nikapanguza kando, nikapanguza chini kule kwenye vibonyezo. Vikatokea vijiboksi vya maandishi hapo kwa skrini, sijui nini na nini, nikabonyezabonyeza mpaka vikaondoka. Nikapiga picha yangu, safi kabisa, nikaizima kompyuta.

Wafula alipofika nikamwambia, "Chukua CPU peke yake. Skrini inabaki hapa."

"Ni sawa, Mama Shiku," akasema, "skrini nisingeihitaji."

Alivyosema haraka hivyo! (Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu haraka.) Nikaandika hiyo pia kichwani.

Siku ya nne akairudisha. Alikuwa ameniandikia ujumbe kwanza: "Mashine iko poa sana sasa, utaona ni kama mpya." Nikausoma ule ujumbe mara tano. Kama mpya? Mbona iwe kama mpya, kwani mimi niliomba mpya? Ngoja kwanza, yangu iko wapi? Akaja, akaunganisha waya, akataka kuniwashia nione, nikamwambia wacha tu, nitaona mwenyewe, kwa sababu nilitaka nikikuta kitu asione uso wangu. Alipoondoka nikafunga mlango nusu, nikawasha.

Ngai! Ile nembo ikaja imenona. Lile duara halikuwa duara tena, lilikuwa limelala kama yai, herufi zimetanuka kila moja imekaa miguu wazi, na ule weusi wa huku na huku haukuwepo, picha imejaa skrini kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu kompyuta ikaamka, na ikishaamka kila kitu sawa, maandishi sawa, picha sawa. Ni pale tu mwanzo inapowaka. Nikazima nikawasha, ikanona tena. Nikazunguka nyuma kutafuta tone langu la rangi ya kucha. Halikuwepo.

Nilikaa kwa kiti. Nilikuwa na hasira, na nikisema hasira nisiwadanganye, kulikuwa na kitu kingine ndani yake kama raha, ile raha ya mtu aliyesema mvua itanyesha na sasa inanyesha.

Siku zilizofuata nilikuwa fundi mimi mwenyewe. Nilizima na kuwasha mpaka wateja wakauliza kama stima ina shida. Niliingia pale kwa mipangilio ya skrini nikakuta inasema ukubwa ni ule unaofaa, nikaubadilisha, maandishi yakawa makubwa kama ya vipofu, nikaurudisha. Nikachukua rula ya mtoto nikapima nembo ikiwa hapo (inakaa sekunde chache tu, kwa hivyo nilikuwa naipima mbio mbio, nimeinama, rula mkononi, na mteja mmoja akauliza kama hapa pia tunashona nguo). Upana sentimita kumi na sita, urefu kumi na mbili. Nikapima ile ya video: sawa kwa sawa. Nikaandika kwa daftari.

Na skrini sikuishuku hata dakika moja. Ningeishukuje, na skrini haikutoka nyumbani? Niliilinda mimi! Kilichotoka ni CPU, kwa hivyo mwenye makosa alikuwa CPU, na aliyekuwa na CPU alikuwa Wafula. Hesabu rahisi.

Nikamwita Oti. Oti anauza vifuniko vya simu na chaja hapo mlango wa tatu, na ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Aliangalia nembo ikitokea, akakunja mikono, akasema, "Hii wamekutolea kile kifaa cha picha. Wamekuwekea cha zamani, hakina nguvu ya kushikilia picha, ndiyo sababu inamwagika kando." Inamwagika kando! Niliona huyu ndiye mtaalamu sasa. Nikamuuliza tufungue tuangalie, halafu mwenyewe nikajizuia: hapana, tukifungua sisi wawili, Wafula atasema sisi ndio tulitoa. Isifunguliwe mpaka kuwe na mashahidi.

Nyambura aliniona na rula akajua kuna kitu. Nikamwambia yote. Akasema, "Dada, si umpigie simu umuulize? Dakika moja tu."

"Mwizi haulizwi," nikamwambia. "Ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga uongo."

"Basi wacha nimuulize mimi."

"Ukimuuliza wewe utakuwa umemwonya, na utakuwa umeniuza mimi dada yako."

Akalia. Nawaambia alilia, na bado sikulegea. Nilimwapisha asiseme kitu, nikamwambia nitaachana na hiyo maneno, na yeye akaniamini kwa sababu tangu utotoni sijawahi kumdanganya.

Jumamosi ya wageni ikafika. Tulifunga hema uani kwa ploti, majirani walileta viti, pilau ilinukia mpaka barabarani. Upande wetu msemaji alikuwa Mzee Karanja, mdogo wake baba, analima mahindi kule Turbo, mtu wa heshima zake. Watu wa Wafula walitoka Moi's Bridge wakiwa wamevaa vizuri, wamebeba sukari, unga, majani ya chai na makreti ya soda, wakiongozwa na mjomba wake Mzee Wekesa, na mama yake, mama mnene wa sauti ndogo aliyejifunga leso juu ya rinda la kanisani. Maneno yalienda vizuri. Mzee Wekesa alisema walipita hapa wakaona mti wa matunda wakauliza mwenyewe ni nani, Mzee Karanja akajibu hapa miti ni mingi waseme ni upi, watu wakacheka, Nyambura akatolewa ndani akiwa amefunikwa, akafunuliwa, vigelegele vikapigwa. Wafula alimwangalia akatabasamu mpaka nikageuza uso.

Halafu Mzee Karanja, kwa desturi tu, maana mkono ulikuwa tayari kwa chupa ya soda, akasema, "Basi kabla hatujafunga haya maneno, kama kuna mtu wa nyumba hii ana neno, aseme sasa."

Nikasimama.

Kuna wakati mtu anasimama na kabla magoti hayajanyooka ameshajua ni makosa, lakini watu wameshageuka. Nilisema, "Mimi nina neno, na nina kitu cha kuonyesha." Nikaingia ndani, nikatoka na skrini, nikarudi nikatoka na CPU, nikavuta waya wa ekstensheni kupitia dirishani, nikapanga kila kitu juu ya meza ya keki (keki ikasukumwa kando). Wageni walidhani ni video ya Nyambura akiwa mtoto. Mama Wafula hata akasogeza kiti mbele aone vizuri.

"Angalieni," nikasema, nikabonyeza. Nembo ikatokea imenona vile vile. "Mmeona?"

Mzee Wekesa akavaa miwani. "Mama, tunaangalia nini?"

"Hiyo duara! Ilikuwa duara kabisa!" Nikazima, nikawasha tena.

Mama Wafula akainamisha kichwa upande mmoja, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mimi naona iko sawa tu. Imenona kidogo." Watu wakacheka, na kicheko hicho kilinipandisha mori, nikaona wananichukulia mjinga, ndipo nikasema kila kitu kwa pumzi moja: nilimpa huyu kijana mashine nzima, ninayo video, nilitia alama na alama imefutwa, amenitolea kifaa cha picha akaweka kibovu, mtu anayemwibia shemeji yake kabla hajawa shemeji, akishaoa ataiba nini, mimi siwezi kumpa mwizi mtoto niliyemlea.

Kicheko kilikatika. Mama Wafula aliweka sahani yake chini, pole pole, kama mtu anayelaza mtoto. Nyambura alikuwa amejifunika uso na ile leso aliyotoka nayo. Sikuona macho yake, niliona mabega tu.

Wafula akasimama. Nilitegemea apige kelele, na laiti angepiga. Alikuja mpaka kwa meza akasema, "Naomba ruhusa, Mama Shiku. Kwangu niliiwasha na skrini nyingine, duara ilikuwa sawa. Hii skrini kuna siku ilipanguzwa?"

"Inapanguzwa kila siku, mimi si mchafu," nikamjibu.

Wafula alipeleka kidole chini ya skrini, kwa vile vibonyezo, na vile vijiboksi vya maandishi vikatokea, vile vile nilivyovifukuza na kitambaa. Akachagua kimoja, akabonyeza mara mbili, akazima CPU, akaiwasha. Nembo ikaja katikati, weusi huku na huku, duara mviringo kama sahani.

"Skrini ilikuwa imeambiwa ivute kila picha ijaze kioo," akasema, na alikuwa anawaambia wazee, si mimi. "Picha ya kuwaka ni ndogo na si pana, ndiyo maana ilikuwa inanona. Kompyuta ikishaamka inatuma picha pana yenyewe, hapo hauwezi kujua. Na ile alama nyuma niliiona, nikadhani watoto walichezea, nikaifuta na spiriti pamoja na vumbi. Nisamehe kwa hiyo."

Sasa mtu mwenye akili hapo angeketi. Angeketi, angelia, angeomba msamaha, na mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanda juu na sikuona ngazi ya kushukia, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na ndani je? Ifunguliwe! Nina picha ya ndani. Oti, njoo uhesabu mbele ya watu."

Oti alikuwa nyuma na sahani ya pili ya pilau. Alikuja akilamba vidole, nikampa bisibisi na simu yangu yenye ile picha, akafungua, akaangalia simu, akaangalia ndani, akaangalia simu. Nikaona shingo yake inaanza kutoa jasho.

"Sema!" nikamwambia.

"Vyote viko," akasema. "Kile kifaa cha picha ni kile kile, hata ile alama ya mkwaruzo iko. Feni ndiyo mpya." Akaisogeza simu karibu. "Na hapa kwa vijiti vya memori, kwa picha yako kuna kimoja. Sasa viko viwili."

Mzee Karanja akauliza, "Maana yake nini, kwa lugha ya watu?"

"Maana yake hakutoa kitu, Mzee. Ameongeza."

Wafula alikuwa anaangalia viatu vyake. Alisema alikuwa na memori ya akiba akaona iende kwa mashine ya dada, isiwe inamchelewesha na wateja, na hakusema kwa sababu hakutaka ionekane anajinunulia njia.

Ardhi haikupasuka. Niliiomba ipasuke, haikupasuka.

Mzee Wekesa akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, na watu wa Moi's Bridge wakaanza kusimama mmoja mmoja, bila kelele. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa namvuta Nyambura kisimani, na hilo ndilo lilinifungua kinywa hatimaye. Nikapiga magoti pale kwa nyasi, na nguo yangu ya kitenge, nikasema nimekosa. Mzee Karanja naye alikuwa anawashika wageni mikono, anawaambia tutalipa faini, desturi inajulikana, upande uliokosa unatoa kondoo, hata wawili, chagueni wenyewe kule Turbo.

Mama Wafula ndiye alijibu. "Kondoo tutamla aishe," alisema. "Jina la mtoto wangu limechafuliwa kwa mdomo, lisafishwe kwa mdomo. Huyu mama aje nyumbani Moi's Bridge, mbele ya majirani zetu, aseme yote kama alivyoyasema hapa, na kwa sauti hiyo hiyo. Akija, tutaendelea. Asipokuja, mtoto wenu abaki kwenu." Wakaenda. Soda zilibaki kwa makreti zikiwa zimefungwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha sufuria uani, Nyambura akaja akasimama karibu na mimi. Nilitegemea matusi. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Dada, kama ungefungua ile mashine ukakuta kweli ameiba, ungefurahi?"

Nilisugua sufuria. Jibu nililijua, na jibu lilikuwa ndiyo, ningefurahi sana, kwa sababu angebaki. Nilimlea miaka kumi na saba nikifikiri namlea aende mbele, kumbe kuna pahali ndani yangu nilikuwa namlea abaki. Nilimwambia hivyo baadaye, huku nalia, na yeye akanisikiliza, lakini siku tisa hakula kwa meza yangu. Nilizihesabu.

Moi's Bridge nilienda. Uwanja wa boma lao ulikuwa umejaa, na mahindi yamefika mpaka ua, na watu wamekaa kwa mawe na mifuko kama wanangoja mkutano wa chifu. Nikasimama nikasema yote: rangi ya kucha, buibui, rula, Oti na picha inayomwagika kando, kitambaa changu mwenyewe na vibonyezo nilivyovibonyeza mwenyewe, memori mbili. Nilipofika kwa rula kuna mzee alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mama Wafula hakucheka. Nilipomaliza alinyanyuka, akanishika mkono, akasema, "Sasa umesema." Akanipeleka jikoni nikamsaidie kupakua.

Harusi ilifanyika, na ilikuwa nzuri. Nyambura alinisamehe, nasema hivyo kwa sababu ameniambia mara mbili na yeye hasemi uongo. Wanakaa Kesses, na ninapokwenda napokelewa vizuri. Na nimeapa, mbele yenu na mbele ya Mungu, kwamba maisha yangu yote yaliyobaki kitu kikinishangaza nitauliza kwanza, hata kama swali ni la kijinga, hata kama anayeulizwa simpendi. Kuuliza kungenichukua dakika moja.

Kompyuta ikisumbua bado ni Wafula anakuja. Hajawahi kukataa, hajawahi kunikumbusha. Lakini hafungui sanduku mpaka nivute kiti niketi karibu nimtazame, na akimaliza, kabla hajatoka, anaweka begi lake la vyombo juu ya meza, anafungua zipu, anatoa kila kitu, bisibisi, nyaya, tochi, anavipanga mstari niangalie, halafu anarudisha kimoja kimoja. Sikumwambia afanye hivyo. Mara ya kwanza nilimwambia, "Wafula, tafadhali, funga hilo begi." Akasema, "Ni sawa tu, Mama Shiku," kwa upole ule ule, na akaendelea kutoa.